Kupanga mji kwenye Banished: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Banished ni mchezo wa kompyuta wa kujenga na kuendesha mji. Ulitoka Februari 2014, ukiwa kazi ya mtu mmoja, Luke Hodorowicz, chini ya jina la Shining Rock Software. Hakuna vita humu, hakuna mfalme wa kumlipa kodi, na pesa hazipo kabisa. Unapewa familia chache zilizofukuzwa kwao, mkokoteni wa vitu, na bonde lenye msitu na mto. Adui ni baridi na njaa. Majibu yaliyo hapa ni ya mchezo wenyewe ulivyo, bila nyongeza za mashabiki, na yanahusu jambo moja: kila jengo likae wapi.

Watu wangu wanakufa njaa na mashamba ninayo ya kutosha. Tatizo ni nini?

Mara nyingi tatizo ni miguu. Katika Banished hakuna kitu kinachojisogeza. Gogo likikatwa, lazima mtu alibebe. Viazi vikivunwa, mtu avipeleke ghalani, mwingine avitoe ghalani avipeleke nyumbani. Kila hatua inayopigwa ni muda ambao kazi haifanyiki, na chati za uzalishaji hazikwambii hivyo waziwazi.

Rudisha kasi ya mchezo iwe ya kawaida, bofya mchimba mawe mmoja, halafu mfuate kwa macho. Anaacha sururu kwa sababu njaa imemshika. Anatembea hadi nyumbani, na nyumba yake iko upande wa pili wa mji kwa kuwa ndiyo iliyokuwa wazi siku alipooa. Anafika, ndani hamna chakula, anatoka tena kwenda ghalani. Anarudi na kabichi. Kuni nazo zimekwisha, safari nyingine hiyo, mpaka kwenye uwanja wa malighafi. Akishashiba na kuota moto anaanza kurudi machimboni, anapasua mawe kidogo, na kabla hajafika mbali baridi inamwondoa tena. Kwenye orodha ya kazi amehesabiwa kama mchimba mawe. Ukweli ni kwamba siku yake nzima imeishia njiani.

Sasa zidisha huyo kwa watu 80. Utaelewa kwa nini mji wenye mashamba mengi unaweza kulala njaa huku mji mdogo wenye vibanda viwili tu vya wachumaji wa chakula cha msituni unashiba. Kabla hujaongeza shamba jingine, angalia wakulima wa yale yaliyopo wanalala wapi na ghala la karibu liko umbali gani.

Mji mmoja mkubwa, au vitongoji?

Vitongoji. Hapa sina mashaka. Huna uwezo wa kumwambia mtu fulani akae nyumba fulani. Mchezo ndio unaogawa. Njia pekee ya kumfanya mfanyakazi akae karibu na kazi yake ni kuhakikisha kwamba kila penye kazi pana nyumba, ghala, na uwanja wa malighafi, na kuni zinafika. Kitongoji kikikamilika, watu wake hawana sababu ya kukivuka mpaka wake.

Wachezaji wengi huanza na kitovu kizuri kilichopangwa kwa rula, kisha wanasukuma kazi zote pembezoni ili zisiharibu mandhari. Picha inapendeza. Halafu mwaka wa kumi unafika na kila mtu yuko barabarani.

Nimechagua ngazi ngumu. Nina familia nne, hakuna nyumba wala mbegu. Naanzia wapi?

Usijenge mara moja. Simamisha mchezo uzunguke ramani kwanza. Unatafuta sehemu yenye vitu vitatu karibu karibu: mto mkubwa, msitu mnene ulio kwenye ardhi tambarare, na mawe na chuma vilivyotapakaa juu ya ardhi. Mkokoteni wako uko pale ulipo, kwa hiyo mwanzo usiwe mbali nao. Kubeba mali yote ya mwanzo kuvuka bonde kutakula kiangazi kizima.

Kisha nenda kwa mpangilio huu. Weka uwanja mdogo wa malighafi na waamuru vibarua wasafishe miti, mawe na chuma pale pale unapokusudia kujenga, kwani eneo lazima lisafishwe hata hivyo. Jenga kibanda cha wachumaji na gati la uvuvi, au kimojawapo kama mikono haitoshi. Mtema kuni afuate. Nyumba nne ziwe zimesimama kabla theluji haijaanza, na ghala liwe katikati ya nyumba na chakula. Fundi wa nguo na mhunzi wanaweza kusubiri kidogo, ila mhunzi usimsahau: zana zikiisha, kazi zote hupungua kasi kwa pamoja, na hapo mji unadidimia bila kelele.

Mashamba? Huna mbegu, kwa hiyo swali halipo. Ngazi rahisi hukupa familia sita, nyumba, mbegu na mifugo. Ngazi ngumu inakutaka uishi kwa msitu na mto mpaka wafanyabiashara waje.

Kitongoji cha msitu kinapangwaje?

Hiki ndicho kitu cha maana kuliko vyote katika Banished, na ukikijua vizuri unaweza kufikisha watu mia bila kulima hata kipande kimoja.

Majengo manne hutumia msitu huo huo bila kunyang'anyana: kibanda cha wachumaji, banda la bwana misitu, kibanda cha wawindaji, na cha mganga wa mitishamba. Kila kimoja kina duara lake la kazi, na maduara hayo yanaweza kulaliana. Kinachogombana ni aina moja na nyingine ya aina hiyo hiyo: vibanda viwili vya wachumaji ndani ya duara moja vitagawana uyoga ule ule.

Chagua msitu ambao duara lake halijaliwa na mto, ziwa wala mlima. Maji na mawe ndani ya duara ni ardhi iliyopotea. Banda la bwana misitu likae katikati kabisa, wachumaji ubavuni mwake, wawindaji nyuma, mganga mbele. Viweke vibanane, hata kuta zikaribie kugusana, kwa maana kila mraba unaojengwa ni mraba usioota mti. Ongeza ghala moja na uwanja mdogo wa malighafi hapo hapo. Nyumba mbili au tatu zitoshe, na ukiweza zisogeze kuelekea ukingo wa duara, upande ule utakaokuja kupitisha njia ya kitongoji kinachofuata.

Sasa jambo ambalo watu hulipuuza. Wachumaji na mganga wanataka msitu mkongwe. Bwana misitu anapanda na kukata kwa mpigo, na ukimjazia wafanyakazi wote, msitu unabaki wa miche mitupu. Magogo yatakuwa mengi, lakini mizizi na uyoga vitapungua na dawa zitakauka. Kwenye dirisha la banda lake kuna vitufe viwili, cha kupanda na cha kukata. Katika kitongoji kinacholisha watu, mpunguze bwana misitu wafanyakazi, na inapobidi zima ukataji kwa muda. Magogo ya ujenzi yapate msitu wake tofauti, mahali ambapo hukutarajia chakula.

Machimbo usiyalete hapa. Wala mashamba.

Nijenge nyumba ngapi, na kwa kasi gani?

Swali hili linaua miji mingi kuliko kimbunga, na linaua kwa pande zote mbili.

Elewa kwanza saa ya mchezo. Mwaka mmoja wa kalenda humzeesha mkazi kwa takriban miaka mitano. Mtoto asiyesoma huanza kazi akiwa na miaka 10, yaani baada ya takriban miaka miwili tu ya mchezo. Kijana hazai mpaka apate nyumba yake na mwenza. Akikosa nyumba anakaa kwa wazazi, anakula, anafanya kazi, anazeeka.

Upande wa kwanza: umeona chakula kinabana, ukasitisha nyumba. Inaonekana ni busara. Lakini vijana wanabanana kwa wazazi, watoto hawazaliwi, na miaka michache baadaye kizazi kizima kinapita umri wa kuzaa. Halafu wazee wanaanza kufa kwa makundi na hakuna wa kushika kazi zao. Chakula kinapungua kwa kukosa mikono, unazidi kusita kujenga, na mji unazimika.

Upande wa pili: umeona chakula kimejaa, ukasimamisha nyumba 20 kwa kiangazi kimoja. Vijana wote wanahamia, wote wanazaa karibu pamoja. Kila nyumba mpya pia hujiwekea akiba yake ya chakula na kuni, hivyo ghala ulilolisifia jana linaonekana kama limeibiwa. Kwa miaka kadhaa una midomo mingi na mikono michache. Ukivuka hapo, kizazi hicho kilichozaliwa pamoja kitazeeka pamoja na kufa pamoja.

Kinachofaa ni kujenga kidogo kidogo bila kukoma: nyumba chache kila mwaka, mwaka hadi mwaka, hata wakati unaona hakuna haja. Angalia ndani ya nyumba zilizopo. Ukiona zenye watu wazima watatu au wanne, kuna vijana wanaosubiri. Na kabla ya kila nyumba piga hesabu ya chakula: mtu mmoja hula takriban 100 kwa mwaka. Watu 80 wanahitaji kama 8,000, na wakiwa 100 ni 10,000. Kama uvunaji wa mwaka jana haukuzidi hapo, anza na chakula.

Mitaa iliyonyooka inaondoa ladha ya zama za kati?

Hapana, na historia iko upande wa wapenda rula. Kusini magharibi mwa Ufaransa kuna miji mingi iliyoanzishwa katika karne ya 13 na ya 14 kwa mpango uliochorwa kabla: mitaa inayokatana kwa pembe mraba, viwanja vya vipimo sawa, uwanja wa soko katikati. Monpazier, ulioanzishwa mwaka 1284 na Edward wa Kwanza wa Uingereza, bado unaonekana hivyo ukiutazama kutoka juu. Miji inayopinda-pinda ni ile iliyokua yenyewe bila mpangaji.

Kwa mchezo wenyewe, mitaa iliyonyooka inarahisisha kubana majengo, na mraba haupotei. Tatizo lake ni kwamba ramani ina vilima na mito, na rula haiheshimu kilima. Tumia mistari iliyonyooka ndani ya kitongoji, na njia kati ya vitongoji zipite pale ardhi inaporuhusu. Kama unataka kuwa mkali wa historia, anza na mbegu: mahindi, viazi na maboga vyote vimo humu, na Ulaya haikuvijua kabla ya safari za Columbus. Mchezo hautaji nchi wala mwaka, kwa hiyo kila mtu ana haki yake.

Soko liwekwe wapi?

Katikati ya nyumba. Duara la soko ndilo linaloonyesha nyumba zitakazohudumiwa, kwa hiyo anza na soko, kisha zijaze nyumba ndani ya duara hilo.

Wachuuzi hutoka kwenda kukusanya chakula, nguo, zana, dawa na kuni kutoka kwenye maghala na viwanja, wakavileta sehemu moja. Mkazi badala ya kufunga safari tatu anafanya moja. Faida ya pili ni afya: mkazi anayetegemea ghala la uvuvi peke yake atakula samaki mwaka mzima, na mlo wa aina moja unashusha afya. Sokoni anapata nafaka, mboga, matunda na kitoweo kwa pamoja.

Lakini soko ni ghali na linakula mikono ya wachuuzi. Kijiji cha watu 30 hakihitaji soko. Na ukishalijenga, usiwapunguze wachuuzi kila unapokosa mkulima, kwa sababu soko tupu linawafanya watu watembee mara mbili: kwanza sokoni, halafu ghalani.

Maghala mangapi yanatosha?

Mengi kuliko unavyodhani, na yasambae. Ghala moja lina nafasi ya 6,000, na humo hamkai chakula peke yake. Nguo, zana na dawa zimo pia. Likijaa, wavunaji hubeba mzigo hadi ghala linalofuata hata likiwa upande wa pili wa bonde. Ndiyo sababu mavuno huchelewa ghafla katikati ya msimu na wewe huoni kosa lolote.

Uwanja wa malighafi hubeba magogo, mawe, chuma, makaa na kuni. Weka mmoja mkubwa karibu na mtema kuni, na vipande vidogo kila penye kazi inayotoa vitu vizito. Mtema kuni akae kati ya msitu na nyumba: magogo yaingie upande mmoja, kuni zitoke upande wa pili.

Angalia pia vikomo vya uzalishaji. Kila bidhaa ina kikomo unachoweka mwenyewe, na ikifika hapo wafanyakazi huacha kuizalisha na kuwa vibarua. Mji wa watu 150 wenye kikomo cha kuni kilichowekwa ulipokuwa na watu 20 utaganda wakati mtema kuni anang'oa mawe.

Mashamba yawe makubwa kiasi gani?

Mwisho ni miraba 15 kwa 15. Shamba kubwa lenye mkulima mmoja ni hasara, kwa sababu baridi ikiingia kabla mavuno hayajaisha, kilichobaki kinakufa. Anza na madogo ambayo wakulima ulio nao wanayamaliza, kisha ongeza.

Yapange kwa jozi: mashamba mawili, njia katikati, ghala mwishoni mwa njia, nyumba upande wa pili wa ghala. Majirani wapande vitu tofauti. Wadudu wakivamia kabichi, wanarukia kabichi iliyo karibu. Wakikuta ngano hapo, wanaishia pale. Msimu ukionekana kuchelewa, agiza uvunaji mapema kwa mkono. Utapata pungufu, ila utapata.

Msimu wa baridi wakulima hawana shamba la kushika na hufanya kazi za vibarua. Huo ndio wakati wa kusafisha eneo la kitongoji kipya, bora kiwe karibu na mashamba hayo hayo.

Na mifugo?

Zizi likae nyuma ya mashamba, sio mbele ya nyumba. Linakula ardhi nyingi kwa watu wachache. Kondoo kwa sufu, ng'ombe kwa ngozi, kuku kwa mayai. Kundi likikua, ligawe mazizi mawili yaliyo mbali, maana ugonjwa ukiingia hauchagui.

Barabara za mawe zina maana yoyote?

Kwenye njia kuu, ndiyo. Njia ya udongo inadai kazi tu, ya mawe inakula mawe, na watu hutembea haraka zaidi juu yake. Weka mawe kati ya soko na maghala na kwenye njia ya machimbo. Vichochoro vya nyumbani viache vya udongo.

Machimbo na migodi niweke wapi?

Mahali ambapo hutapajutia milele. Machimbo na mgodi huacha shimo, na ardhi hiyo hairudi kuwa ya ujenzi. Mgodi angalau unaingia ubavuni mwa mlima, ambapo usingejenga kitu. Machimbo ndiyo yanayokula bonde tambarare, na hayo tambarare ndiyo mali yako kubwa.

Kwa hiyo kwanza maliza mawe na chuma vya juu ya ardhi katika ramani nzima. Pili, jaribu kuyapata kwa wafanyabiashara. Ukilazimika kuchimba, chagua pembe mbovu, ile iliyobanwa kati ya mlima na mto, na ujenge nyumba kadhaa hapo hapo. Jiandae na misiba: kazi hizi huua.

Gati la biashara linahitaji nini?

Mto mkubwa unaopita ramani kutoka ukingo hadi ukingo. Wafanyabiashara huja kwa mashua, na ziwa au kijito kisichoungana na mto huo hakitawaleta. Usingoje mji ukue ndipo uanze kutafuta nafasi. Ukishajaza ukingo wa mto kwa magati ya uvuvi, utabaki na kona isiyofaa.

Biashara ni ya kubadilishana bidhaa. Kuni ndizo zinazomfaa anayeanza: gogo moja mikononi mwa mtema kuni aliyesoma hutoa kuni nne, na asiyesoma tatu, nazo zina thamani kuliko gogo lenyewe. Weka mtema kuni wa pili karibu na gati, msitu wa bwana misitu nyuma yake, na umepata kiwanda cha kununulia mbegu. Makoti nayo hulipa vizuri ukiwa na ngozi za kutosha. Chakula usiuze mpaka uwe na akiba ya mwaka mzima.

Shule inaingiaje kwenye mpango?

Shule moja huchukua wanafunzi 20. Waliosoma huzalisha zaidi, lakini wanaingia kazini wamechelewa, kwa hiyo unapofungua shule kuna miaka michache ambayo nguvu kazi mpya haiji. Ifungue ukiwa na akiba, sio katikati ya njaa. Iwe ndani ya makazi. Shule ikijaa, watoto wanaobaki wataingia kazini bila elimu, kwa hiyo hesabu watoto kabla ya kujenga mtaa mpya.

Naogopa moto na kimbunga.

Moto unaruka kutoka jengo hadi jengo lililo karibu. Weka kisima kila kundi la nyumba, na acha njia pana kati ya makundi badala ya kuunganisha kuta mtaa mzima. Nyumba sita, njia, nyumba sita, ni mpangilio wa kutosha. Vibanda vya msituni nilivyosema vibanane ni majengo machache. Hasara yake inavumilika.

Kimbunga hakina dawa. Kinapita na kufuta chochote kilicho njiani, watu wakiwemo. Mpango unachoweza kufanya ni kuhakikisha hakikuti maghala yote mtaa mmoja, wala wahunzi wawili wakiwa majirani. Bweni la muda lijengwe mapema ili waliopoteza nyumba wasilale nje wakati wa baridi. Kama hutaki presha hii kabisa, majanga huzimwa unapoanzisha ramani mpya, na hakuna anayekuhukumu.

Nijenge ng'ambo ya mto?

Siku ile daraja linapokamilika, ng'ambo kunakuwa sehemu ya mji, na mchezo unaweza kumpa kazi kule mtu anayelala huku. Kwa miezi kadhaa utaona msafara wa watu darajani. Kwa hiyo usivuke kwa ajili ya kibanda kimoja. Vuka ukiwa na magogo na mawe ya kutosha kusimamisha ghala, kuni, chakula na nyumba kadhaa kwa mkupuo, na daraja liwe jembamba na fupi kadiri mto unavyoruhusu. Kwa mlima kuna handaki, na kanuni ni hiyo hiyo.

Wahamaji wakija niwapokee?

Ukiwa na nyumba tupu na chakula cha ziada, na hospitali imeshajengwa, wapokee. Hawajasoma na wanaweza kuja na maradhi. Vinginevyo waache waende. Idadi kubwa ya watu inayoingia siku moja ni ile hesabu ya nyumba 20, safari hii bila hata kungoja wazaliwe.

Kanisa, makaburi, kilabu cha pombe: vina umuhimu gani?

Vinashika furaha ya watu, na watu wenye huzuni hufanya kazi ovyo. Kilabu kiwe karibu na bustani ya matunda au ngano kinakotoa malighafi yake. Kanisa likae katikati ya kitongoji kikubwa. Makaburi yanakula ardhi, kwa hiyo yape zile pembe tatu zilizobaki kando ya mto ambazo hazitoshi shamba.

Nawezaje kuona mpango mzima kabla ya kutumia mawe yangu?

Simamisha mchezo, weka misingi ya majengo yote unayoyataka kwenye kitongoji, kisha sitisha ujenzi wa kila kimoja kwa kitufe chake. Ramani inakuonyesha umbo lote: duara la soko linaishia wapi, njia inapita wapi, shamba linagusa kilima au la. Usichokipenda kifute hapo hapo, kabla mtu hajabeba jiwe. Ukiridhika, anza kufungua kimoja kimoja. Mpangilio wangu ni uwanja wa malighafi, ghala, chakula, nyumba mbili, kisha vilivyobaki kadiri mikono inavyopatikana.

Kompyuta yangu ni ya zamani. Itaweza?

Inaelekea ndiyo. Mchezo wenyewe ni mdogo, chini ya GB moja, na ulitengenezwa kwa mashine za enzi za Windows XP na Windows 7; laptopu nyingi za mitumba zinauendesha bila shida, na ukishausakinisha huhitaji intaneti ili kucheza. Mji ukipita mamia ya watu mashine inaweza kuanza kusuasua, hasa ukiwa kwenye kasi ya mara kumi. Hapo chagua ramani ndogo tangu mwanzo. Nyongeza kubwa za mashabiki kama Colonial Charter huongeza majengo mengi na uzito wake, kwa hiyo zijaribu baada ya kuona mchezo wa kawaida unatembea vizuri.